Anti, kima cha chini kimepanda, sasa nimpunguze nani kati ya mama wa watu na mtoto wa wifi?

Shikamoo Anti. Naomba jina langu lisitoke maana wafanyakazi wangu wote wana simu na wanasoma sana hizi safu, ata mafundi wangu wanazijadili kazini.

Mimi ni mama wa watoto watatu, niko Morogoro huku Kihonda, nina kiwanda kidogo cha mikate. Nilianza 2014 na oveni ya kuni uani kwangu, nauza mikate na skonzi kwa majirani, sasa hivi nina sehemu ya kupanga, mashine ya kukandia, oveni ya gesi na kirikuu cha kusambazia. Tunatoa mikate kama 400 kwa siku, siku sita kwa wiki, ukiacha skonzi. Kwa jumla nawauzia kina mangi 1,100 wao wanauza 1,300. Nina watu tisa. Mafundi wawili wa oveni nawalipa 250,000, dereva 200,000, wengine sita wa kukanda, kufungasha na usafi 170,000 kila mmoja. Wote nimewaandikisha NSSF na najitahidi mshahara usivuke tarehe tano.

Sasa mwezi wa kumi mwaka jana nikaona habari kwamba serikali imepandisha kima cha chini sekta binafsi asilimia 33.4, kutoka 275,060 mpaka 358,322 na inaanza tarehe 1 Januari 2026. Anti nilikaa chini. Nikachukua kalkuleta nikapiga 358,322 mara watu tisa, ikaja milioni tatu na laki mbili na ushee. Mimi nalipa milioni 1 na laki 7 na elfu 20. Yaani natakiwa niongeze milioni moja na nusu kila mwezi, wakati mimi mwenyewe mwezi mzuri nabaki na milioni na laki moja, mwezi mbaya laki tisa, na hapo nina ada za watoto na marejesho ya mkopo. Nikipandisha mkate mangi anachukua wa jirani, maana kuna jamaa wawili huku wanaoka bila leseni wala NSSF, watu wao wanawalipa wanavyojisikia.

Baba watoto akasema mbona rahisi, waandikie karatasi mpya yenye kima kipya wasaini, halafu wape ileile ya zamani, kila mtu anafanya ivo. Au wageuze vibarua wa kutwa, asiyetaka aende. Mimi roho ikakataa, lakini nikimwambia yeye ananiuliza we unataka kufilisika kwa ajili ya watu?

Basi mwisho wa mwezi wa kwanza, kabla sijalipa, nikawaita wote nikawaambia ukweli, jamani mshahara umepanda kisheria, mimi siwezi kuwapandishia wote, nikipandisha itabidi wawili watoke. Kimya. Halafu fundi mkubwa akasimama akasema bosi sisi tumeshaongea, tuko tayari kubaki na mshahara wetu wa zamani ili mwenzetu asitoke, tutakuandikia ata barua. Anti nililia mbele yao. Nikawalipa ileile ya zamani nikasema tutaangalia mwezi wa pili.

Ila jioni ile yule mama anayefungasha akabaki nyuma. Huyu mama nimeanza naye toka uani, ndo alikuwa anabeba ndoo ya skonzi kichwani anazungusha. Sasa hivi umri umeenda, macho yanasumbua, wenzake wakifungasha kreti tatu yeye mbili. Akaniuliza, "Mwanangu, ni mimi?" Nikashindwa kumjibu nikamwambia mama nenda nyumbani tutaongea.

Kwasababu ukweli ni kwamba mtu mmoja wa kutoka lazima awe kati ya yeye na kijana wa wifi yangu. Kijana ana miezi minane hapa, aliletwa na mama mkwe, anachelewa, akiwekwa kwenye usafi analalamika, akiwekwa kukanda simu haimtoki mkononi. Nikimtoa, ukweni sikanyagi. Mama mkwe keshaniambia kwa mafumbo kwamba "damu haipunguzwi". Na yule mama hana damu na mtu yeyote hapa zaidi ya mimi, na ana mjukuu anamsomesha.

Tatizo lingine dogo, hawa wa kukanda hawakai. Nikimfundisha mtu akishajua uwiano wa hamira na kuangalia donge limeumuka vipi, anaondoka anaenda viwanda vikubwa au anaenda kuendesha boda. Mwaka jana peke yake wamebadilika mara kibao na kila mgeni anaponza trei za mikate mpaka azoee. Hilo nalo linaniumiza kichwa ila najua si la leo.

Nifanyeje Anti? Nikubali barua ya wafanyakazi? Nimpunguze nani? Au nifunge tu nirudi kuoka skonzi uani?

Mama Mikate, Morogoro

ANTI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Pole sana, na hongera pia, maana wenye biashara wengi amri ikitoka wanajifanya hawajaisikia, wewe umeita watu ukawaeleza mpaka ukalia mbele yao. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kila nikiirudia naona kama kuna barua mbili humu ndani. Moja ni ya hesabu ya mishahara. Nyingine ni ya yule mama na kijana wa wifi. Umezifunga pamoja kiasi kwamba inaonekana serikali ndo inakulazimisha kuchagua kati ya hao wawili, na mimi naomba tuzifungue kidogo kila moja tuiangalie peke yake.

Tuanze na hiyo 358,322 iliyokukalisha chini. Mwanangu, hiyo namba nadhani umeibeba nzima bila kuangalia ni ya nani. Tanzania hatuna kima kimoja cha chini kwa watu wote wa sekta binafsi. Kuna Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara, na ndani yake kila sekta ina mstari wake. Chukua ile amri iliyoanza Januari 2023, mfanyakazi wa benki alikuwa na 592,000, wa biashara na viwanda 150,000, mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri 60,000. Sasa kama kima kilikuwa 275,060 kwa wote, wewe uliyekuwa unalipa 170,000 ungekuwa umevunja sheria miaka mitatu yote, na najua ungeshatembelewa. Hiyo 275,060 ni wastani wa mistari yote, na 358,322 ni wastani mpya. Vyombo vya habari vinapenda namba moja kubwa ya kichwa cha habari, mtu wa benki na mtu wa mikate wote wanaisoma wanadhani ni yao.

Kwahiyo kitu cha kwanza, kabla hujamwambia mtu yeyote neno lingine, nenda kwa afisa kazi wa mkoa hapo hapo Morogoro, au omba amri yenyewe usome mstari wa sekta yako, uone biashara yako wanaiweka wapi. Mimi siwezi kukuandikia namba yako hapa ukaichukua kama ndo yenyewe. Lakini tufanye mfano tu tuone ukubwa wa jambo. Tuseme ule mstari wa 150,000 nao ungepanda kwa asilimia hizohizo 33.4, ungefika kama 200,000. Maana yake mafundi wako wawili tayari wako juu ya mstari, dereva yuko pale pale, na wanaobaki ni wale sita wa 170,000 ambao kila mmoja anahitaji kama 30,000 ya nyongeza. Hiyo ni 180,000. Weka asilimia 10 yako ya NSSF, weka na ile nusu asilimia ya mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, inakuja kama laki mbili kwa mwezi.

Laki mbili sio milioni moja na nusu. Sisemi ni ndogo, kwa mtu anayebaki na laki tisa mwezi mbaya laki mbili inauma, ni ada ya mtoto hiyo. Ila laki mbili ni jambo la kukaa na kulipanga, tofauti na ile iliyokufanya ufikirie kufunga.

Na bado kuna kitu hesabu hiyo haijasema. Mafundi wako leo wanamzidi mfungashaji 80,000. Ukipandisha wa chini peke yao, tofauti inabaki 50,000, na fundi atakuja kuuliza ujuzi wangu umeshuka lini? Sheria haikulazimishi kumpandishia, moto wa oveni ndo utakulazimisha siku akiacha. Ukiwapa mafundi nao 30,000 kila mmoja na dereva 20,000, jumla yote na makato yako inakaribia laki mbili na elfu tisini. Hiyo ndo namba ya kweli zaidi ya kuogopa, kama mfano wetu uko karibu na mstari wako.

Sasa hiyo pesa inatoka wapi? Hapa watu wanagombana, na sio wewe na mumeo tu. Wachumi wakubwa wamelumbana miaka mingi kama kima kikipanda kazi zinapungua au la. Marekani, Aprili 1992, jimbo la New Jersey lilipandisha kima kutoka dola 4.25 mpaka 5.05 kwa saa na majirani zao Pennsylvania wakabaki vilevile, basi David Card na Alan Krueger wakaenda kuhesabu migahawa ya chakula cha haraka kama 400 pande zote mbili, watu wakitegemea New Jersey wafanyakazi watatolewa, na hawakukuta hivyo. Card alikuja kupewa Nobel 2021 na kazi hiyo ikiwa mojawapo ya sababu, ingawa wapo wenzake waliopinga na wanapinga mpaka leo. Lakini ukija Afrika Kusini, walipoweka kima cha wafanyakazi wa mashambani 2003, watafiti waliona mishahara imepanda kweli na ajira za mashambani zikapungua, wakati kwa wafanyakazi wa majumbani waliowekewa kima chao mwaka mmoja kabla, mishahara ilipanda bila ajira kuporomoka hivyo. Nakutajia haya ili ukiona mumeo anasema mshahara ukipanda lazima watu watoke, na mwingine anasema hakuna shida yoyote, ujue wote wanaongea kwa uhakika ambao hata wenye Nobel hawana. Inategemea biashara ina upenyo gani, na upenyo wako unaujua wewe kuliko mimi.

Ila kuna sehemu mbili nimeziona kwenye barua yako. Moja ni bei. Unaogopa kupandisha mkate kwa sababu mangi atahamia kwa jirani, naelewa, na huku kwetu bei ya rejareja inaruka kwa shilingi 100 au 50, hakuna mtu atauza mkate 1,328. Lakini wewe huuzi rejareja, unauza jumla. Laki mbili na elfu tisini ukiigawa kwa mikate yako ya mwezi, kama 10,400 hivi, skonzi tukiziacha pembeni, ni kama shilingi 28 kwa mkate. Kwa dazeni ni 330 na kitu. Mangi anayepata faida ya 200 kwa mkate atabaki na 170 na kitu, bei ya dukani ikae palepale 1,300. Atanuna, ndio. Wengine watahama, na wale jamaa wasio na leseni watawachekea. Je watahama wangapi? Huwezi kujua ukiwa umekaa. Unaweza kujaribu kwa maduka machache ya mtaa mmoja kwanza wiki kadhaa, wale ambao mkate wako unaulizwa kwa jina, uone. Hatari yake ni kwamba mangi wanaongea, wa mtaa huu akijua wa mtaa ule analipa chini, utakuwa na kesi nyingine.

Sehemu ya pili umeiandika chini kabisa kwa haraka ukaiita "tatizo lingine dogo". Watu wa kukanda hawakai. Kila mgeni anaharibu trei mpaka azoee. Umewahi kukaa ukahesabu hizo trei zinakula shilingi ngapi kwa mwaka? Unga, hamira, sukari, gesi, na mangi aliyekosa mkate asubuhi. Wanaenda wapi wakiondoka? Umesema mwenyewe, viwanda vikubwa na boda. Ujerumani walipoweka kima cha taifa 2015, euro 8.50 kwa saa, ajira kwa ujumla hazikuporomoka, ila watafiti waliona watu wa mishahara midogo wakihamia kwenye kampuni kubwa zaidi zinazolipa vizuri zaidi. Ikitokea ivo huku, wewe mdogo unabaki shule ya kufundishia watu wa wengine. Sasa sikuahidi kwamba ukiongeza 30,000 watakaa, boda ina uhuru wake ambao oveni haina. Ila kama wawili tu kati yao wakikaa mwaka mzima, sehemu ya ile laki mbili inaweza kuwa inarudi kwa mlango wa nyuma, na hilo mumeo hajalihesabu, wala wewe.

Tuje kwenye mawazo ya baba watoto. Simsemi vibaya, ni mtu anayeona nyumba yake ina mkopo. Karatasi moja pesa nyingine, inafanyika, sote tunajua. Lakini fikiria umewaandikia 200,000 unawapa 170,000, NSSF utapeleka ya ipi? Ukipeleka ya 200,000 unalipia pesa usiyotoa na unamkata mtu pesa asiyopokea, ukipeleka ya 170,000 umejiandikia ushahidi mwenyewe. Na siku mmoja akiondoka na kinyongo akaenda CMA, ile tume ya kusuluhisha na kuamua migogoro ya kazi, watu nane wataitwa kusema uongo kwa ajili yako, au ukweli dhidi yako. Kuwageuza vibarua nako hakukutoi, maana ile amri ina kima cha mwezi, cha wiki, cha siku mpaka cha saa, kibarua naye ana mstari wake.

Halafu hii barua ya wafanyakazi. Najua ilikugusa, hata mimi ilinigusa. Ila naomba uirudie ile picha taratibu. Nani alisimama? Fundi mkubwa. Fundi mkubwa analipwa 250,000. Kama mstari wenu uko chini ya hapo, yeye kwenye ile sadaka hakutoa kitu chochote, mwenye kutoa ni yule wa 170,000 aliyekaa kimya. Wamesema "tumeshaongea", waliongea wakiwa na habari gani? Kwamba wawili watatoka, ambayo ilitokana na ile hesabu ya milioni na nusu. Je wangeambiwa ni laki mbili na ushee wangesema hivyohivyo? Labda ndio, watu wanapendana kazini kuliko tunavyodhani. Labda wangesema bosi hebu tuongelee mkate kwanza. Na hata wakisema ndio kwa moyo mweupe, kima cha chini si kitu mfanyakazi anaweza kukusamehe kwa barua, tofauti ile inabaki deni lako, na mwezi wa kwanza kama umelipa chini ya mstari deni limeshaanza kuhesabika. Kwahiyo hiyo barua wakiandika itakupa amani ya moyo tu, afisa kazi haitamzuia.

Kingine wanachoweza kukupa kihalali ni mawazo. Wao ndo wanajua gesi inapotelea wapi, wanajua skonzi za jioni zinarudi ngapi, wanajua kirikuu kinazunguka kwa nani bure. Ukiwaita tena na hesabu iliyonyooka utapata vitu ambavyo kalkuleta yako haina. Na utakuwa pia umefanya kile sheria inachotaka, maana kama itabidi kweli kupunguza mtu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka utoe taarifa mapema, ueleze sababu, na mshauriane namna ya kuepuka na namna ya kumchagua anayetoka. Ile ya kumwambia mtu Ijumaa kwamba Jumatatu usije inawagharimu waajiri wengi wadogo.

Sasa yule mama na kijana. Hapa naenda polepole kwa sababu si hesabu, ingawa ina hesabu ndani yake. Mama ana zaidi ya miaka kumi na wewe. Kiinua mgongo chake cha kupunguzwa ni siku saba za mshahara kwa kila mwaka, mwisho miaka kumi, yaani siku 70, kwa mshahara wake wa sasa ni kama laki nne na nusu na ushee, juu yake notisi ya siku 28 au malipo yake. Ukimtoa, miezi mitatu na zaidi ya mwanzo huokoi chochote. Kijana hajafikisha mwaka, kiinua mgongo hana, notisi ndo anayo. Sehemu nyingi wanaanzia kwa aliyeingia mwisho ingawa ujuzi nao unaangaliwa. Ukiangalia shilingi peke yake jibu liko wazi, lakini wewe hukuniandikia kwa sababu ya shilingi, ungekuwa umeshamaliza.

Nakuuliza tu, na unijibu moyoni. Kama kima kisingepanda kabisa, kijana anayechelewa na simu haimtoki mkononi ungemwambia nini mwezi huu? Na mama ambaye macho yanasumbua, ungemwambia nini? Nahisi, na naweza kuwa nakosea maana sikujui, kwamba haya mawili yalikuwepo kabla ya Januari na amri ya mshahara imekuja kuwa mahali pa kuyaweka. Ukimtoa kijana kwa jina la mshahara, ukweni watasikia mshahara na watajua si mshahara. Ukimtoa mama kwa jina la mshahara, atajua ni macho. Na huenda hesabu ikishanyooka hakuna hata mmoja anayelazimika kutoka, halafu ukabaki na hao wote wawili na mazungumzo yaleyale yanakusubiri.

Kwa kijana kuna njia kadhaa. Unaweza kukaa na wifi yako, mama yake, kabla ya mama mkwe, ukamwonyesha daftari la mahudhurio bila hasira, wazazi wengine wanajua watoto wao kuliko tunavyofikiri na wanashukuru kuambiwa mapema. Hatari ni kwamba ikafika kwa mama mkwe ikiwa imeshaongezewa chumvi. Unaweza kumwomba mumeo ndo aseme, ni damu yake, na yeye ndo anataka biashara isifilisike, ila mtu akisemewa na mwingine wakati mwingine heshima ya bosi inapungua. Unaweza kumpa kijana miezi kadhaa yenye masharti yaliyoandikwa sawa na wengine, hiyo ni haki kwake na kwa wenzake, lakini wenzake watakuwa wanakuangalia wewe zaidi yake. Kuhusu "damu haipunguzwi" sina la kusema, wakwe wana maneno yao, nami nina wa kwangu.

Kwa mama, kreti mbili badala ya tatu, je ameshapimwa macho? Nauliza kwa sababu umri ukienda mtu anaona aibu kusema hasomi tarehe kwenye pakiti. Na je kuna kazi pale ambayo haihitaji macho makali wala haraka, kupokea kreti zinazorudi, kusimamia usafi, kukaa na wageni wa kukanda? Mtu aliyezungusha ndoo kichwani anajua wateja wako kuliko dereva. Sisemi umbakize kwa huruma, huruma ikichoka inakuwa masimango, na yeye huenda mwenyewe anatamani kupumzika na anaogopa kusema kwa sababu ya mjukuu. Huwezi kujua mpaka umuulize, na mwenyewe ameshafungua mlango, alikuuliza akaambiwa aende nyumbani. Tangu siku hiyo analala vipi? Hilo ndo ningeomba lisisubiri afisa kazi wala hesabu, hata kama cha kumwambia ni kwamba bado hujajua na hujaamua, na kwamba namba uliyowasomea siku ile unakwenda kuihakiki.

Kurudi kuoka uani ulikokutaja mwishoni sijakudharau. Kuna watu walipunguza wakapumua. Lakini mkopo haurudi uani na wewe, na hao tisa nao wanakwenda wapi? Liweke mezani kama chaguo la mwisho baada ya kusoma mstari wako.

Na kama mama mkwe anapanga kukuletea mwingine baada ya huyu, kumbuka uko na watu tisa. Ukifika kumi unaingia kwenye ile tozo ya mafunzo ya ufundi ambayo kwa sasa hulipi. Hiyo unaweza kumwambia ni TRA imekataa, na safari hii utakuwa unasema kweli.

Ukishauona mstari wako niandikie namba yenyewe, na uniambie mangi wa mtaa wa kwanza alisemaje.

Anti